Kisu Kilicho Mezani, na Kile Kilichokukata

Kayanga, jioni ya kuamkia safari yako

Kemilembe mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, nami nakadiria nina saa mbili kabla hujarudi. Zinanitosha. Nimezoea kuandika huku dereva akipiga honi.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala vyeti vyako viko mfuko gani, wala jinsi ya kulinda simu kwenye basi. Hayo baba yako ameshakuambia mara tatu, na kesho stendi atayarudia. Ninakuandikia juu ya kisu. Kiko hapa mezani, kimelala juu ya bahasha hii, ndani ya ala ya ngozi. Usikichukue bado. Soma kwanza.

Orodha ya vifaa uliyotumiwa na chuo cha misitu inataka kisu imara cha porini, kisichokunjwa, chenye ala. Ulipoisoma sebuleni ulikikata kipengele hicho kwa kalamu, ukasema, "Hiki nitaazima. Mimi na visu hatupatani, Mama, si unajua." Ukacheka. Baba yako naye akacheka. Mimi nikaenda jikoni kuangalia maji ambayo sikuwa nimeyabandika.

Ninajua kwa nini hampatani. Ninajua kuliko wewe, na nimekaa na jambo hilo miaka kumi na moja.

Katika kazi yangu ya redio kuna kitu kinaitwa sahihisho. Ukitangaza jambo lisilo kweli, unarudi na kutangaza lililo kweli. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa na sharti moja: sahihisho likae palepale kosa lilipokaa. Kosa la taarifa ya saa mbili asubuhi halisahihishwi saa nane mchana watu wakiwa shambani. Kwa sharti hilo nimewabana watendaji wa kata, waganga, wenye mashine za kukoboa kahawa. Nimesimama mlangoni kwa watu nikawaambia sitoki mpaka waseme ukweli. Ninapokumbuka sauti yangu ya siku hizo, jinsi ilivyokuwa imara, ninajikasirikia mpaka shingo inawaka.

Haya sasa.

Ulikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimeanza kupelekwa kwenye habari za moto wa misitu, vilima vya Kyerwa kule, na katika msafara wa waandishi nilikuwa mwanamke peke yangu. Wenzangu walikuwa na visu viunoni, vya kukatia kamba na kuchongea vigingi vya hema. Nikataka changu, na nikataka kiwe kikubwa kuliko vyao. Sikuwa natafuta kisu. Nilikuwa natafuta kutazamwa.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepita kwa Fundi Projestus, yule seremala wa nyuma ya stendi, ambaye alifundishwa kazi na seremala kutoka Norwei aliyekuwa karakana ya misheni. Mwalimu wake alipoondoka alimwachia kisu cha kwao: mpini wa mbao, bapa jembamba, hakina kikingio cha vidole, hakina meno, hakina mbwembwe yoyote.

"Fundi," nikamwambia, "hiki si cha kumenyea viazi?"

"Menya basi, Mama," akajibu, na akaendelea kupiga randa.

Nikamwacha, nikaenda duka la vifaa karibu na soko. Kisu nilichonunua pale kilikuwa cheusi, kirefu, mgongoni kina meno ya msumeno, na kwenye kitako cha mpini kina dira. Ukigeuka, kaskazini inageuka pamoja nawe. Wenzangu walikishika mmoja mmoja wakapiga mluzi, na mimi nikaridhika.

Baada ya safari mbili mpini ukaanza kucheza. Nilijua. Shika neno hilo, maana mengine yote yanatoka hapo: nilijua. Nikauzungushia utepe mweusi wa mafundi umeme, nikaona yamekwisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa uani nikisoma habari kwa simu, kituoni wananirekodi, mtandao unakatika, ninarudia sentensi ileile mara ya nne. Ukaja na muwa. "Mama, nikatie." Kisu kilikuwa juu ya ndoo, hatua mbili kutoka ulipokuwa. Nikakuonyesha kwa kidole, nikasema, "Kata mwenyewe, umekua." Maneno matatu. Katika maisha yangu yote ya kuripoti, hayo sijawahi kuyaripoti.

Ulikata vizuri, Kemi. Ulishika muwa kwa mkono wa kushoto, mbali na makali, ukakata kuelekea nje, kama ulivyomwona Bibi yako akifanya shambani. Nilikuwa nakutazama. Ulipofika kwenye fundo la muwa ukakandamiza, na bapa likageuka ndani ya mpini kama ufunguo kwenye kufuli bovu. Likaruka, likakata kano ya kidole chako cha shahada. Mpini ulibaki mkononi mwako, umeushika barabara. Baadaye niliuchambua. Ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ambao ndio unaolishikilia bapa, haukuzidi kipande cha kidole gumba changu, na ulikuwa umeshikwa kwa gundi iliyokauka kama ukoko.

Bibi yako alifika hospitali jioni ile kutoka Nyakasimbi. Hakuitazama bendeji. Alinitazama mimi. Unajua alivyonipokea tangu nilipoolewa, msichana wa Muleba anayelipwa kwa kuongea. Baba yako alikuwa masomoni Mwanza, kwa hiyo tulikuwa mimi na yeye tu, na wewe kitandani.

"Mke wa redio," akasema, "kisu kilimfikaje mtoto?"

"Nilimkataza, Mama. Alikichukua mwenyewe nikiwa ndani."

Akakugeukia. "Ni kweli, mjukuu wangu?"

Ulinitazama kwanza. Kisha ukasema, "Ndiyo, Bibi. Nilichukua mwenyewe."

Nimewahoji watu wazima waliodanganya ili kujiokoa, mamia. Wewe ulikuwa na miaka minane na ulidanganya ili kuniokoa mimi, na mimi nikakuachia. Mwaka wa kwanza ulikuwa ukilisema neno hilo kunikinga. Sijui ni lini hasa, lakini kufika darasa la tano ulikuwa ukilisema kwa sababu umeliamini. "Mimi na visu hatupatani." Hiyo sentensi si yako. Mwandishi wake ni mimi.

Na tazama ilivyokaa. Sendofu ya shangazi yako mdogo, una miaka kumi na minne. Wanawake wamekaa kwenye majani ya migomba, kila mmoja na kisu chake kidogo, wanamenya ndizi za watu mia mbili. Kila jambo la ukoo huu linazungumzwa pale kabla halijafika kwa wanaume: nani ameposwa, nani anaumwa, nani amemkosea nani. Ukasogea ukakunja gauni ukakaa. Binamu yako Alinda akasema, "Msimpe kisu huyo, leo wageni watakula kidole." Wakacheka. Bibi hakucheka. Alikuambia kwa upole, "Kemi, kateke maji."

Ukaondoka na ndoo. Umeteka maji miaka yote tangu hapo, kwenye kila harusi na kila msiba, na mambo ya ukoo wako unayasikia vipande vipande, kwenda na kurudi.

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimebakiza ndizi chache kumaliza fungu langu. Nikaendelea kumenya.

Siku ulipokata kile kipengele kwenye orodha ndipo nilipoona kwamba uongo wangu unapanda basi pamoja nawe. Unakwenda kusoma misitu, utalala porini wiki nzima nzima, na unapanga kuazima kisu kwa sababu umeambiwa una mkono usiofaa. Siku wenzako wakikosa kukuazima utafanya nini? Utakaa pembeni, uteke maji.

Nikarudi duka lile la karibu na soko. Mwenye duka ni yuleyule, amenenepa tu. Kisu ni kilekile pia, cheusi, dira kitakoni, sasa kimeongezwa filimbi.

"Karibu, Mama Mwandishi. Hiki ndicho wanachotumia makomando."

"Makomando wa wapi?"

"Wa nje huko."

"Umewaona?"

"Picha si hii hapa kwenye boksi?"

Nikamwomba aufungue mpini nione mkia umeingia kiasi gani.

"Nikiufungua, nani atakinunua?"

"Ndicho ninachouliza na mimi," nikamwambia.

Nikamweleza kilichokupata. Sikupaza sauti, ila mteja aliyekuwa anachagua misumari aliacha kuchagua. Mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana. Lakini Mama, mbona hukuja kuniambia siku ile? Ningeviondoa."

Sijui kama angeviondoa. Namshuku, na nilitoka pale nikiwa na hasira naye ambayo bado ninayo: mtu anauza chuma kilichogundishwa na kukiita silaha. Lakini swali lake lilikuwa halali. Kulalamika kungenilazimu kusema nani alikupa kile kisu. Kwa hiyo viliendelea kuuzwa. Nilikuwa na maikrofoni mkononi, nikanyamaza juu ya habari moja niliyoishuhudia kwa macho yangu mwanzo hadi mwisho. Sasa nimeiandika. Haitasomwa hewani mpaka uniambie ndiyo, maana kidole ni chako.

Kutoka dukani nikaenda kwa Projestus. Nikamwambia nataka kisu cha namna ile ya mwalimu wake, ila kikubwa zaidi. Akanitazama juu ya miwani.

"Cha kumenyea viazi?"

"Nilistahili hilo," nikasema.

Watoto wa yule mwalimu bado humletea mabapa matupu wanapokuja kutembea, naye huyatia mipini. Alikuwa nayo matatu. Nikachagua lililokuwa refu kuliko yote, karibu sentimita kumi na nane. Akaninyang'anya kwa maneno. "Mama, huyo mtoto anakwenda kusoma miti au kupigana nayo? Kazi ya panga liachie panga." Akanipa la katikati, kumi na nne na nusu. Vile vidogo vyao vya sentimita kumi vinachonga vizuri lakini havipasui kuni. Hiki, siku mvua imelowesha kila kitu, utaweka makali juu ya kipande cha kuni, utagonga mgongo wa kisu kwa gongo, kuni itapasuka na utapata pakavu ndani. Mgongo wake ni mnene, haupindi. Na bado ni kifupi kiasi cha kuchongea kigingi bila mkono kuchoka.

Kabla ya kuanza kunitengenezea aliniazima kile kidogo cha mwalimu wake nikae nacho siku chache nikizoee. Hapa nikafanya kosa ambalo linatoka shambani kwetu moja kwa moja. Nilikiona kimepungua makali, nikachukua tupa, ile ya kunolea panga na muhoro wa kupogolea migomba, nikakipiga tupa pande zote mbili kama nilivyofundishwa na mama yangu. Nilimrudishia nikijisifu. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Mama, umeninolea kisu au umenitengenezea jembe?"

Alinieleza taratibu, na hasira yake niliiona kwenye vidole. Panga linataka makali manene, maana linapiga. Visu hivi haviko hivyo. Kila upande una mteremko mmoja mpana, ulionyooka, unaoshuka hadi kwenye makali yenyewe. Hukisimamishi kwenye kinoo. Unaulaza mteremko wote, unabonyeza kwa vidole viwili mpaka uhisi umekaa, kama kikombe kwenye kisahani chake, ndipo unasukuma. Kisu chenyewe kinakuonyesha pembe. Mimi na tupa yangu tuliufuta mteremko huo, na imemchukua siku tatu kuurudisha. Kwa hiyo asikiguse mtu kwa tupa, wala usimpelekee yule mnoa visu wa gurudumu la baiskeli anayetoa cheche. Joto lile linaua chuma. Kinoo nimekiweka kwenye soksi, ndani ya sanduku. Chuma cha kisu hiki kinashika kutu. Kifute, kipake mafuta ya kupikia, usikilaze ndani ya ala kikiwa kimelowa.

Mkia wake umepita ndani ya mpini wote na kutokeza kitakoni, umegongwa ukalala. Utauona, nukta ya chuma. Projestus aliponiambia umefika, nilimwambia sitaki kuambiwa, nataka kuuona.

Ilibaki mbao ya mpini. Akasema nitafute kitu kigumu, kikavu. Nikajua pa kwenda, na nikajua nikienda nitalazimika kufanya lile jingine.

Jumapili nilikwenda Nyakasimbi. Jumuiya ilikuwa inasali kwa Bibi yako siku hiyo, kwa hiyo walikuwepo karibu wanawake wote wa ukoo, wamekaa kwenye majani ya migomba wanamenya. Alinda alikuwepo. Sikupanga, lakini palikuwa ndipo penyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na redio yako?"

"Leo nimekuja bila redio."

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sentensi tano au sita. Kwamba kisu kilikuwa kibovu na nilijua. Kwamba sikukukataza, nilikutuma. Kwamba hukuwa mtundu, na kwamba hospitalini ulisema uongo wangu kwa mdomo wako. Visu vikasimama. Alinda akasema, "Kumbe."

"Rudia," Bibi akasema.

Nikarudia.

"Ulimwambia maneno gani?"

"'Kata mwenyewe, umekua.'"

"Na yeye alikata vipi?"

"Alikata vizuri, Mama. Kama wewe."

Akaweka ndizi chini. "Miaka yote hii," akasema, "ninamtuma maji mtoto anayejua kukata. Na wewe ukakaa hapahapa ukamenya ndizi zangu."

Hakunisamehe, Kemi, na asije mtu akakuambia alinisamehe. Alinyanyuka, akaingia jiko la nje, akarudi na kipande cha mti wa kahawa, wa ule mstari wa zamani aliopanda babu yako, uliong'olewa ulipozeeka. Kilikuwa kimekaa juu ya moshi muda mrefu, kizito kama jiwe. "Mwambie huyo seremala asikipake rangi," akasema. Akaketi, akachukua kisu chake, akaendelea. Hakuniaga.

Projestus aliuchonga mpini kwa kipimo cha mkono wangu. Aliniuliza, "Mikono yenu inafanana?" Nikasema inafanana. Akaniambia nishike kama ninayekata, akatazama vidole vinakaa wapi, akapunguza hapa, akaacha unene kidogo pale mbele ili mkono usiteleze kwenda kwenye makali. Kwenye mpini utaona mstari mweusi unaopita kwa ndani. Si ufa. Nimemuuliza mara mbili.

Huu ndio ushauri wangu wote, na ni wa mtu aliyelipa kwa kidole kisicho chake: kitu kikicheza mkononi mwako, kikague chenyewe kwanza kabla hujaulaumu mkono. Na anayekuambia kosa ni lako, muulize alikuwa amesimama wapi.

Una haki ya kunikasirikia. Usiharakishe kuimaliza hasira hiyo ili mimi nijisikie vizuri. Umeshanifanyia hivyo mara moja. Niandikie kutoka huko, au usiniandikie kwanza. Nitasubiri.

Jambo la mwisho, kwa nini nimekilaza mezani badala ya kukupa. Huku kwa kina baba yako kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Unakilaza, mwenzako anakiokota mwenyewe kwa hiari yake. Nilipoolewa niliona ni mambo ya kizamani. Siku ile ya muwa nilikuonyesha kwa kidole tu, kwa uvivu, nikiwa na simu sikioni. Leo nimekilaza mwenyewe, mkia wake nimeuona, makali yake nimeyajaribu, na mpini hauchezi. Ukikiacha, nitakielewa kilichokufanya ukiache. Kama utakichukua, ni chako na si cha kuazima.

Ukimaliza kusoma, njoo jikoni. Bibi yako amefika kwa bodaboda saa kumi, na mkungu wa ndizi, bila kumwambia mtu kwamba anakuja. Amekataa kiti. Amekaa chini kwenye majani ya migomba na visu viwili vidogo. Kimoja anamenyea. Kingine amekilaza pembeni yake, na Alinda, aliyekuja naye, alipotaka kukichukua amsaidie, alipigwa kofi la mkononi, akaambiwa kina mwenyewe.

Mama yako